Yah: Malalamiko kuhusu chumba "karibu na Fort Jesus" kilicho ng'ambo ya maji

Tanga

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Likizo ya shule iliyopita nililipia chumba kupitia programu yenu, niende Mombasa na mama yangu mzazi pamoja na watoto wa dada yangu. Nilichotafuta ni kitu kimoja: malazi ya bei nafuu karibu na Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Wareno. Mama magoti yanamsumbua, hivyo nilitaka atembee mwenyewe taratibu mpaka ngomeni asubuhi, wanapofungua saa mbili, kabla jua halijawa kali. Programu yenu ikatuletea chumba kilichoandikwa kuwa kilomita moja na kidogo kutoka ngome. Nikalipa.

Chumba chenyewe kipo Nyali, nje ya kisiwa cha Mombasa, upande wa English Point. Mwenye nyumba alipotufungulia dirisha alinyoosha kidole na kusema, "Ngome ndiyo ile." Ni kweli, tuliiona, na kati yetu na ngome kulikuwa na bahari.

Pale hakuna daraja wala feri. Anayetaka kwenda ngomeni kutoka huko hupanda matatu au tuktuk, hupita Kongowea na msongamano wake, huvuka daraja la Nyali, kisha hurudi kusini katikati ya mji mpaka afike. Ni kilomita kadhaa, na jioni foleni ya darajani haina huruma kwa mtu. Basi letu kutoka Tanga lilitushusha Likoni, tukavuka kwa feri na kuingia kisiwani. Kutoka kivukoni hadi Fort Jesus si mbali hata kidogo. Tulikuwa tumeshafika kisiwani, kwenye kisiwa chenye ngome, na programu yenu ikatutoa kisiwani kwa upande wa pili tukiwa na mizigo na mzee.

Nilipoandikia huduma yenu kwa wateja nilijibiwa kwamba umbali unaoonyeshwa ni makadirio. Ndugu Meneja, makadirio ni kusema dakika kumi halafu mtu akatumia kumi na tano. Ninyi mmechora mstari ulionyooka juu ya maji na kuuza mstari huo kama njia. Kwa mji ulio nchi kavu huenda kosa hili lisionekane sana. Mombasa ni kisiwa. Wareno walipoanza kuijenga ngome ile mwaka 1593 waliiweka pale hasa kwa sababu ya maji hayo, ili kila chombo kinachoingia bandari ya kale kipite mbele ya mizinga yao. Na Waomani walipoizingira kuanzia 1696 hadi 1698, msaada wa waliokuwa ndani ulitegemea njia ya baharini. Maji hayo ndiyo habari nzima ya Fort Jesus, na ndiyo kitu pekee ambacho ramani yenu haikukiona.

Lipo na la bei. Nilipanga orodha kuanzia vyumba vya chini. Bei iliyokuja juu ilikuwa ya kitanda kimoja katika chumba cha kulala watu wengi, bila kueleza hivyo mpaka ukifungua kurasa za ndani. Chumba tulichochukua nacho kiliongezewa "ada ya huduma" na "ada ya usafi" kwenye hatua ya mwisho, wakati namba ya kadi imeshaingizwa. Ngomeni wenyewe wana kiingilio cha raia na kiingilio cha wageni, na vyote vimebandikwa mlangoni ukavisoma kabla hujatoa pochi. Sioni kwa nini ninyi mshindwe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vyumba nilivyovitaka vipo. Kesho yake tulipomaliza kuizungukia ngome tuliingia Mji wa Kale kwa kufuata Ndia Kuu, inayoanzia hapo hapo karibu na ngome, na katika vichochoro vile tukakuta gesti za kawaida: feni, chandarua, choo cha pamoja kilichosafishwa, chai asubuhi. Mama alikaa barazani kupumzika, akaanza kuzungumza na mwenye gesti, na kabla sijamaliza kuuliza bei walikuwa wameshaulizana ukoo. Bei ilikuwa chini ya ile tuliyowalipa ninyi. Mwenye gesti huyo alituambia aliwahi kuwa kwenye programu kama yenu akajitoa, kwa sababu makato kwa kila mgeni yalimla faida, na wateja wake wengi hulipa taslimu au kwa simu, si kwa kadi. Basi mtu akitafuta malazi nafuu karibu na ngome, aliye karibu kweli haonekani, na aliye ng'ambo anatokea wa kwanza. Tulihamia kwake siku hiyo hiyo. Fedha za usiku uliobaki kule Nyali mlikataa kurudisha.

Ninadai yafuatayo. Mnirudishie malipo ya usiku ambao hatukulala Nyali, pamoja na ada zote mbili mlizoongeza mwishoni. Nauli za tuktuk sizidai, ingawa ningekuwa na haki. Pia naomba umbali wa kila malazi ya Mombasa upimwe kwa barabara, na palipo na daraja au feri katikati iandikwe wazi kwenye ukurasa wa kwanza, kando ya bei kamili ya chumba. Hili si kwa ajili yangu tu. Likoni nako mtawauzia watu vyumba "karibu na mji" bila kuwaambia kuna foleni ya kivuko.

Jina langu kamili, namba ya oda, risiti na picha ya ukurasa wenu unaoonyesha umbali huo nimeviambatanisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu, si kutoka kwa mashine ya majibu. Nisipolipata nitaipeleka barua hii kwa mamlaka ya kulinda watumiaji nchini Kenya, ambako huduma ilitolewa.

Wenu,
Mteja, Tanga