Makopo yangu ya tope

Lindi,
9 Aprili

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salaam. Huku sote wazima, mama mguu umepoa, ila mvua haijatuacha. Umenicheka eti nimekwenda chuo kusomea tope. Cheka tu! Lakini swali lako limenikaa kichwani: kama metali nzito ni sumu, kwa nini tusipime kiasi kilichomo topeni, yakaisha?

Hayaishi, shoga. Wadudu wangu ni nematodi, minyoo ya baharini ambayo mingi haifiki hata milimita 2. Humwoni kwa macho, lakini tope la mita 1 ya mraba laweza kubeba zaidi ya milioni 1. Hawana pa kukimbilia; sumu ikija huwakuta palepale.

Ila ukali wa sumu hautegemei kiasi peke yake. Chukua kadimiamu, mojawapo ya metali hizo. Kwenye maji ya chumvi, nyingi hushikwa na kloridi, iliyo sehemu ya chumvi yenyewe, na ikishikwa hivyo haimwingii mnyoo kwa urahisi. Inayomdhuru zaidi ni ile iliyobaki huru. Sasa mto Lukuledi umejaa, ukivuka kwenda Kitunda ng'ambo maji ni rangi ya chai ya maziwa, chumvi imepungua. Kloridi ikipungua, kadimiamu huru huongezeka, na wala hakuna aliyemwaga hata tone jipya. Shaba nayo ina tabia yake: hupenda kung'ang'ania mabaki ya majani yaliyooza, kwa hiyo maji ya mikokoni huweza kuipunguza makali. Maji yakielekea uasidi, huachiwa tena.

Na lile tope jeusi linalonuka yai viza? Humo hakuna oksijeni, kuna salfaidi (si salfa ile mnayopulizia mikorosho), nayo hushika metali barabara. Livuruge, hewa iingie, salfaidi ianze kuharibika, ndipo zile metali zinapofunguliwa. Kwa hiyo harufu ile tunayoikimbia inatufaa. Joto ndilo rahisi kulielewa: maji yakipwa mchana wa jua kali, tope linachemka, mwili wa mnyoo nao unakwenda mbio na kufyonza zaidi.

Nikuchekeshe sasa. Mwezi uliopita makopo yangu ya tope na minyoo, niliyoyatia kadimiamu, yalianza kukauka, maji ya bahari yameniishia, nikajazia maji ya mvua. Kesho yake minyoo imelala, haijikunji hata ukiigusa kwa sindano. Nikamkimbilia mwalimu: chumvi imepungua, sumu imepanda, nimeona kwa macho yangu! Akanitazama, akauliza, "Na kopo la maji ya chumvi hafifu lisilo na kadimiamu liko wapi?"

Sikuwa nalo. Huenda ni ule upungufu wa chumvi wenyewe uliowaua. Nilirudi chumbani nimenywea kama kuku aliyenyeshewa. Sasa naanza upya, kila kopo na mwenzake: chumvi ileile, joto lilelile, moja lina kadimiamu na jingine halina. Makopo yamekuwa mengi hata pa kuweka mkeka sina.

Bamvua lijalo nakuja Mtwara, nataka na tope la Mikindani. Niazimie ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko. Ile yako ya bati iache huko huko jikoni, isije ikanitilia zinki kwenye tope nikaanza tena kukimbilia watu.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Somoe