KUH: Programu yenu kudai RAM haitoshi ilhali ipo tele

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Nina duka la kompyuta hapa Langoni, Lamu, na nimelipia leseni ya mwaka mzima ya programu yenu ya kuhesabu muda na malipo ya wateja. Asubuhi haina tatizo. Ikifika alasiri nikiifunga, haikubali kufunguka tena: inasema RAM, yaani memori ya kazi ya mashine, haitoshi. Nikizima mashine na kuiwasha upya, inafunguka.

Mlinishauri kwa simu niongeze RAM. Niliagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Mashine ikatoka GB 8 ikawa GB 16. Siku ya tatu, baada ya kutwa nzima ya kunakili video za harusi kwenye flashi za wateja, ujumbe ukarudi: "RAM haitoshi. Inahitajika MB 1024, iliyopo MB 685." Mzee mmoja wa Matondoni alikuwa amekaa akisubiri fomu yake. Boti ya kwao ikaita, akaondoka mikono mitupu. Jambo hilo liliniuma sana.

Papo hapo nikafungua faili ya /proc/meminfo, ambamo Linux, mfumo unaoendesha mashine yangu, huonyesha hali ya memori. Nilikuta hivi:

MemTotal: 16291044 kB
MemFree: 702316 kB
MemAvailable: 12480932 kB

Gawanyeni 702316 kwa 1024, mtapata hiyo 685 yenu. Programu inasoma MemFree, yaani memori ambayo haina kitu kabisa. Lakini Linux haiachi RAM ikae bure: hutunza humo nakala za faili zilizosomwa karibuni, kama zile video, na huziondoa mara tu programu nyingine inapohitaji nafasi. Makadirio ya nafasi hiyo yamo kwenye MemAvailable, mstari uliopo tangu toleo la 3.14 la kerneli (kiini cha Linux) la mwaka 2014. Nilikuwa na karibu GB 12 za kutumia, nanyi mkanifungia mlango.

Naomba mrekebishe programu isome MemAvailable, na hata ikiona nafasi ni ndogo, itoe onyo tu, uamuzi uwe wangu. Pia nirudishiwe gharama ya RAM na usafiri wake, kwa kuwa sikuihitaji. Risiti na picha ya skrini nimeziambatisha.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa fundi anayeiandika programu yenyewe.

Wenu,
Mwenye duka, Langoni, Lamu