Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: huu mkojo si UTI

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Ni saa mbili asubuhi na nimekwenda haja ndogo mara tano tangu niamke. Kila mara ni vijiko viwili vitatu, na moto wake. Kibofu cha mtu mzima hubeba karibu nusu lita. Changu kikipata robo kikombe tu, kinanikurupusha.

Miaka miwili nimemeza dozi za UTI hadi nimekariri rangi za vidonge. Hatimaye daktari mmoja, kijana mdogo tu, akaagiza mkojo uoteshwe maabara kuona kama una bakteria. Hakikuota kitu.

Ndiye aliyenieleza. Kibofu kikivimba kwa muda mrefu, kuta zake humwaga kwa wingi protini iitwayo NGF, ile iliyompa Rita Levi-Montalcini tuzo ya Nobel mwaka 1986. Kazi yake ni kulisha mishipa ya fahamu. Ikizidi, mishipa ya kibofu huwa kama mbwa aliyezoea kupigwa mawe: jani likianguka, anabweka. Antibiotiki itamfanya nini mbwa huyo?

Tanezumabu, dawa ya kuizuia NGF yote, ilijaribiwa hata kwa wagonjwa wa kibofu na maumivu yakapungua. Lakini nyonga na magoti ya baadhi ya waliotumia dawa hiyo yaliharibika, majaribio yakasimamishwa Marekani mwaka 2010, na mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya huko wakaikataa kwa kura 19 kwa 1. Sawa, nyonga zangu nazihitaji. Sasa watafiti wanalenga lango moja tu ambalo NGF hupitishia ishara zake kwenye mishipa, liitwalo p75, na vibofu vya panya vimetulia.

Sisi tunaingia wapi? Kwimba tumekulia kwenye malambo yenye kichocho. Prazikwanteli huua minyoo, ila mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu yanaweza kubaki, na uvimbe wake. Naomba NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanaokijua kichocho vizuri, wawezeshwe kupima NGF kwenye mkojo wa watu waliokwishameza dawa na bado wanakimbilia chooni. Na mgonjwa asipewe dozi ya tatu ya UTI kabla mkojo wake haujaoteshwa, hata kama itabidi upelekwe hospitali ya wilaya.

Wangu nitauleta mwenyewe kutoka Ngudu, mradi nipate kiti cha karibu na mlango wa basi.

Mgonjwa wako,
Kwimba