Injini imesukwa upya, mbona inatema oili kwenye bomba la kupumulia?

Wenye Land Rover za zamani, Peugeot 504 na Land Cruiser za miaka ya 1970 hutujia hapa gereji, Kigoma, na lalamiko moja, na karibu kila mara linaanza hivi: "Fundi, injini nimetoka kuisuka juzi tu." Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi zote mpya, hela imekwenda. Safari ya kwanza ya kupanda milima kwenda Kasulu, mtu akifungua boneti anakuta ubavu wa injini umelowa chapachapa, oili inachuruzika kutoka bomba la kupumulia mpaka kwenye chasisi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni ghali.

Mzee mmoja wa Ujiji alituletea Land Rover 109 yenye injini ya petroli ya cc 2286. Bomba la kupumulia lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, juu yake kimezungushiwa mpira wa tyubu na kukazwa barabara.

"Mzee wangu, hiki nani kakiweka?"

"Nilishauriwa, mwanangu. Na kweli, juu pamekauka."

Juu palikuwa pamekauka, hakukosea. Tukalala chini ya gari. Kwenye tundu la chini ya klachi oili ilikuwa ikidondoka, tone moja, kimya, tone jingine. Upepo wa ndani ya injini ulionyimwa njia ya juu ulikuwa umejitafutia ya chini, ukaisukuma oili kupitia sili ya nyuma ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hadi kwenye sahani ya klachi, ambayo ilishaanza kuteleza mlimani. Kazi ambayo pengine ingeishia kwenye kizibo na waya wa chujio ikawa kazi ya kushusha giaboksi. Tafadhali, bomba hilo msilizibe. Kama linatema oili, chini yake wekeni kopo likinge, mje.

Bomba la kupumulia lipo kwa ajili ya upepo. Ringi za pistoni hata zikiwa mpya haziwezi kuziba kabisa, kwa hiyo kila petroli inapolipuka, gesi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Lazima itoke. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni mbili zinapopanda mbili zinashuka, kwa hiyo nafasi ya hewa chini yake haibadiliki sana. Maana yake ni kwamba upepo unaouona ukitoka mfululizo pale juu ni ule uliovuja. Ukiwa mwingi unabeba oili. Na oili ikiwa karibu mno na njia ya upepo, hata upepo wa kawaida unaibeba. Kwa hiyo tunajiuliza mambo mawili: upepo umezidi, au oili imekaa pasipo pake?

Tunaanza na oili kwa sababu kuikagua hakugharimu kitu. Hapa Kigoma nyumba nyingi ziko kwenye miteremko. Gari linalala limeinama, asubuhi mwenyewe anachomoa kijiti cha kupimia oili, kinaonyesha oili pungufu, anaongeza. Kesho tena. Injini ya Land Rover tuliyoitaja inachukua karibu lita 6 kwenye sampu, na filta inameza kama robo tatu ya lita juu ya hapo. Tumeshamwaga sampu ya mteja tukakuta zaidi ya lita 8. Oili ikifika juu kiasi hicho, kranki inaichapa kila inapozunguka, inakuwa povu, na povu halina pa kwenda ila bomba la kupumulia. Pima gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa walau dakika kumi.

Kisha nusa kijiti. Oili ikinuka petroli, na kiwango kinapanda bila wewe kuongeza, angalia pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ngozi yake ya ndani ikichanika inaweza kuivujishia petroli kwenye sampu. Hilo likionekana usiendelee kuendesha, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi, na ndizo hizohizo ulizonunua juzi.

La tatu ni dogo na tunalikuta mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: chujio la waya ndani ya kizibo, au bamba la kuzuia oili chini ya tundu la bomba, halikurudishwa wakati wa kusuka. Wakati mwingine limerudishwa na uchafu wake wa miaka yote. Bamba hilo ndilo linaloigonga oili irudi chini, upepo utoke peke yake. Bila hilo, injini nzima kabisa inaweza kutema.

Hayo yote yakiwa sawa, tunageukia upepo. Tunaiacha injini ipate moto, tunafungua kizibo cha oili na kuweka kiganja. Pumzi laini ni kawaida. Ikiwa inapiga kwa mapigo, puu, puu, tunachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Mapigo yakitulia tulipochomoa waya wa silinda fulani, silinda hiyo ndiyo ya kushuku, na mara nyingi ni ringi iliyovunjika pistoni ilipokuwa inaingizwa. Baada ya hapo tunapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kavu kwanza, halafu kwa kijiko cha oili ndani ya kila silinda. Geji ikipanda sana baada ya oili, ringi hazijakamata ukuta. Kigoma iko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo usiogope ukikuta silinda zote nne ziko chini ya namba ya kitabu kwa kiasi kinacholingana. Tunachoangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Mwisho tunaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga, tunatega sikio. Ukisikika kwenye kabureta au ekzosi, ni valvu. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya silinda hedi. Ukivuma kwenye kizibo cha oili, ni ringi au ukuta wa silinda.

Lakini ringi kutokamata si lazima iwe kazi mbovu ya fundi. Ringi mpya hubanwa kwenye ukuta wa silinda na mgandamizo wa mlipuko wenyewe. Mtu anayeiacha injini mpya ikinguruma saa nzima uani, au anayeendesha kwa kuibembeleza wiki tatu hapa mjini kati ya Mwanga na stesheni, anainyima mgandamizo huo. Oili inaungulia ukutani, ukuta unang'aa kama kioo, na ringi zinateleza juu yake. Injini iliyosukwa inahitaji oili ya kawaida, si sintetiki, na inahitaji kazi: panda mlima kwa gia inayofaa, kanyaga, achia, badilisha mwendo, usiisulubu kwa mzigo mzito wala kasi ya mwisho. Badilisha oili kwenye kilomita 800 hivi. Kama bado uko ndani ya kilomita hizo na upepo si mwingi mno, tutakuambia uendelee kuendesha, na hatutakutoza kwa kufungua kitu. Ukuta ukishakuwa kioo kabisa, dawa ni kuusugua upya upate mistari ya msalaba, na ringi nyingine. Tutakuonyesha kwa taa kabla hujakubali.

Ukija, usiioshe injini. Oili iache ilivyomwagika, kwani michirizi yake inatuonyesha ilikotokea. Njoo na jina la oili uliyoweka, lita ulizoongeza tangu isukwe, na kilomita ilizotembea. Vipimo vyote vinachukua nusu siku, na injini haifunguliwi kabla hujaona geji kwa macho yako.