Barua kwa mwanangu: maganda yako yasifike Pugu

Mwanangu,

Hujambo? Huku nyumbani sote wazima. Umeniuliza kijana aliyepanga chumba kimoja Sinza anaweza kufanya nini cha maana juu ya joto hili la dunia. Anza na maganda ya jikoni mwako. Chupa na vifuko ndivyo vinavyoonekana mtaroni, lakini zaidi ya nusu ya taka za majumbani mijini kwetu ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na mihogo, vikonyo vya mchicha, machicha ya nazi.

Ganda likioza penye hewa, linaishia kuwa mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza. Likifukiwa ndani ya lundo la dampo la Pugu Kinyamwezi linakosa hewa, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa hulila na kutoa gesi ya methani. Kwa hesabu ya miaka 20, kilo moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya hewa ukaa. Ila haidumu sana angani, miaka 12 hivi tu, kwa hiyo ikipunguzwa sasa nafuu yake utaiona wewe mwenyewe, hujazeeka. Wala usitegemee kuhamishwa kwa dampo. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kulipinga dampo lao, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu.

Basi yaozeshe maganda yako hapo hapo kwako, yawe mboji. Tafuta ndoo tatu za lita 20 zilizokuwa na rangi ya kupaka ukuta, zenye mifuniko, uzisugue vizuri. Nasema tatu kwa sababu mtu mmoja anayejipikia hutoa kama gramu 200 hadi 300 za maganda kwa siku. Ndoo itajaa kwa mwezi mmoja hivi, na mboji huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva kwa joto la Dar. Ukiwa na mbili, zote zitajaa kabla ya kuiva na utarudi kutupa. Pasha moto msumari wa inchi nne, ushike kwa koleo, utoboe matundu kumi kwenye kitako na mistari mitatu ya matundu ubavuni. Fanyia kazi hii nje, maana plastiki hutoa moshi mbaya. Ndoo ikae juu ya matofali, na chini yake beseni la kukinga maji.

Tandika kwanza makumbi ya nazi au vijiti, kina cha sentimita tano. Halafu kila bakuli moja la maganda uliyoyakatakata, lifunike kwa mabakuli mawili ya majani makavu yaliyopondwa au maranda ya seremala. Siku ya kwanza tia konzi mbili za udongo wa bustani, maana humo ndimo vijidudu vilimo. Kila baada ya siku tatu geuza kwa kijiti hadi chini kabisa.

Wengi huharibu kwenye hivyo vikavu. Huvionea uvivu, maganda yakalowana na kushikana, ndoo ikanuka mayai viza, nao wakasema mboji haiwezekani mjini. Harufu hiyo ni ya kukosa hewa: ongeza maranda, geuza. Ikinuka kali kama mkojo, mabichi yamezidi. Dawa ni ileile. Ukiona sisimizi wamehamia, imekauka. Kamua konzi moja mkononi: likitoka tone moja au mawili, maji yanatosha.

Machicha yana mafuta na hugandana, kwa hiyo yatawanye kiganja kimoja kimoja. Nyama, dagaa na ugali uache kabisa, vitakuitia panya na funza. Jivu la mkaa lisizidi kijiko kimoja kwa wiki. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyachukue hata ukipewa bure. Ujue pia kwamba ndoo haipati joto kali kama lundo la mita moja, kwa hiyo mbegu za nyanya na papai hazifi. Miche yake itachomoza, ing'oe tu.

Mboji iliyoiva ni nyeusi na hunukia kama udongo ulionyeshewa. Ichekeche, uchanganye sehemu moja kwa tatu za udongo, upande mchicha kwenye viroba kibarazani. Makapi yatakayobaki kwenye chekecheo yarudishe kwenye ndoo changa, yana vijidudu tayari.

Masika yakianza Machi, kila jani mtaani litakuwa chepechepe. Jaza viroba viwili vya majani ya mwembe mwezi huu wa Februari, uviweke hata chini ya kitanda.

Mama yako