Panya wawili waliokataa

Langoni, Lamu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mguu wa baba yako umepungua uvimbe. Mimi ndiye nisiyelala tangu uliponipigia juzi, kwa neno ulilolipitisha haraka haraka: kwamba katika panya sita uliowapa dawa unayoijaribu, wanne sukari ya damu imeshuka, wawili haikushuka, na mwenzako wa maabara amekushauri wawili hao uwatoe kwenye hesabu ili jedwali litoke safi.

Usiwatoe, mama.

Nimegawa dawa dirishani miaka 23. Miaka ya tisini kila malaria tuliipa klorokwini, ndivyo mwongozo ulivyosema. Mama anakuja na mtoto mgongoni, namhesabia vidonge, namwelekeza, siku ya nne karudi na mtoto anawaka moto. Namuuliza, "Ulimpa zote?" Anaapa. Wako walioniapia nikawagombeza, nikidhani mtoto alizitema kwa uchungu wake. Kumbe walisema kweli, vimelea ndivyo vilivyokuwa vimeishinda dawa. Nyuso za wale akina mama ninazo mpaka leo.

Mwaka 1998 Kenya ikaiacha klorokwini, ikachukua sulfadoksini na pirimethamini. Nayo haikudumu, mwaka 2004 ikaamuliwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Sera zile zilibadilika kwa kuwa walikuwapo watafiti walioandika, mgonjwa baada ya mgonjwa, "huyu hakupona". Lau wangewafuta wasiopona, mimi ningeendelea kugawa na kugombeza.

Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za Frances Kelsey. Mwaka 1937, Marekani, zaidi ya watu 100 walikufa kwa dawa ya maji ya salfanilamaidi. Yeye alikuwa mwanafunzi wa uzamifu wa famakolojia, elimu ya dawa, huko Chicago, kama wewe utakavyokuwa inshallah, akawa kati ya walioifanyia majaribio kwa wanyama mpaka ikajulikana kuwa sumu ilikuwa kwenye kile kilichoyeyushia dawa. Mwaka 1960, hajamaliza hata miezi miwili katika kazi mpya ya serikali, akaletewa thalidomaidi, dawa ya usingizi waliyoimeza pia wajawazito, aipitishe. Akasema ushahidi haumtoshi. Wenye dawa wakambana, wakamwandikia, wakampigia simu, naye akabaki palepale. Kwingineko dawa ilikuwa imeshaingia sokoni, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Mimi nadhani ujasiri ule wa 1960 aliupata akiwa mwanafunzi, pale alipoona kwa macho yake dawa isiyopimwa hufanya nini.

Na je, ikiwa hao wawili ndio wenye habari? Unajua primakwini, dawa ya malaria: humfaa mmoja, na mwingine aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, ikamvunja chembe hizo. Upungufu huo uko sana kwetu pwani. Aliyeona mgonjwa mmoja hafanani na wenzake akamfuatilia, ndiye aliyetukinga sisi wengine. Angalia basi: walikula saa ngapi kabla ya kipimo? Dawa iliingia yote mdomoni, au nusu ilimwagika? Nani aliyewashika siku hiyo? Yaandike yote kwenye daftari kwa wino, umpelekee msimamizi wako kabla hajakuuliza, kisha urudie jaribio na panya zaidi.

Najua muhula unakwisha na pesa ya ufadhili ina tarehe yake. Ikibidi uongeze miezi sita, ongeza. Mkufu wa bibi yako upo sandukuni, na baba yako nimeshazungumza naye, hakusita.

Mjomba wako anavuka Mokowe kesho alfajiri kupanda basi. Nimempa visheti, achari ya embe na ile leso uliyoisahau kitandani. Akikufikia nipigie, unisomee nambari za panya wote sita.

Mamako