Aliye na Simu ya Mchango Ndiye Kinara Wenu: Barua kwa Vijana wa Khayega

Wajukuu zangu mlioketi nami Jumamosi ukumbini,

Nilirudi nyumbani kichwa kikinigonga. Saa tatu nzima mlibishana kama chama chenu kipya cha mashinani kiwe na kinara mmoja au kisiwe na kinara kabisa. Walioketi dirishani waliapa kwamba hawataki mkubwa, eti wao ni wale waandamanaji wa Juni 2024. Wa mlangoni wakawajibu kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Chai ikapoa. Kisha mchango ukaitishwa na nyote, wa dirishani na wa mlangoni, mkatuma pesa kwenye simu ya kijana mmoja aliyekaa kimya pembeni. Hakuna aliyemchagua. Hakuna aliyeandika nani katoa ngapi. Nikauliza daftari liko wapi, mkacheka.

Basi huyo ndiye kinara wenu, mmempata bila kura. Simlaumu, ana adabu, alinishika mkono mpaka barabarani. Lakini siku mtakapokosana naye mtamwondoaje, na hamkumweka?

Siwabezi kwa ya 2024. Kuandamana bila kiongozi kupinga Mswada wa Fedha kulikuwa ujanja wa maana, kwa kuwa serikali haikupata mtu wa kumwita faraghani na kumpa cheo. Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule, na waliouawa tuliwalilia pamoja. Ila maandamano ni ya siku, chama kina kodi ya ofisi kila mwezi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inadai wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, na kaunti ziwe zaidi ya nusu, yaani 24. Na Msajili wa Vyama vya Siasa atataka majina ya maafisa. Mtampa ya nani?

Nina kidonda cha zamani hapa. Agosti 1991 vuguvugu la upinzani la FORD lilizaliwa na watu sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku wetu wa Butere, Bamahriz, Gachoka na Nthenge. Tuliyataja majina hayo kwa pumzi moja. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, tukadhani chama tawala KANU kimekwisha. Likaja swali la nani awanie urais, na achaguliwe na wanachama wote au na wajumbe. FORD ikagawanyika kambi mbili zilizoitwa kwa majengo: moja ya Agip House, nyingine ya Muthithi House. Muliro akafariki Agosti 1992. Desemba nilivaa suti ya harusi yangu kwenda kupiga kura, nikakuta FORD imekuwa mbili, FORD-Kenya na FORD-Asili, kwenye uchaguzi mmoja. Rais Moi wa KANU akashinda kwa kama asilimia 36. Watu husema fahali walikuwa wengi mno. Mimi nasema hawakupatana mapema fahali huchaguliwaje na hurudishwaje nyumbani.

Na nyinyi ni watoto wa Khayega, kwenye mapigano ya fahali, fahali mnawajua! Mshindi hupigiwa ngoma ya isukuti, watu wakamkimbilia na matawi, lakini jioni anaongozwa kurudi zizini na mvulana mwenye fimbo. Jumamosi nilimtafuta mvulana huyo ukumbini sikumwona.

Miaka kadhaa baada ya FORD nilikuwa katibu wa tawi la chama kingine, sitakitaja. Mwenyekiti wetu alilala na muhuri chini ya mto. Mzazi akitaka barua ya kuombea mtoto karo, angoje mzee aamke; mzee akisafiri, angoje arudi. Tukamwondoa kwa kura 31 dhidi ya 9. Alikubali vizuri sana, akatushika mkono sote, akaenda nyumbani na muhuri. Tukachonga mwingine. Mwaka mzima mihuri miwili ilitembea sokoni, na hata mimi katibu nilikuwa nageuza barua juani nikikagua wino.

Tumewafundisha wenyewe. Katika nchi hii chama huitwa "cha fulani", na uchaguzi ukikaribia hukodishwa kama matatu ya harusi. Tukialikwa mkutanoni, swali letu la kwanza ni mgeni ni nani, la pili atatuachia nini. Mtu mzima na mvi zake anauliza hivyo mbele ya watoto.

Mmoja wenu alinitajia chama cha Kijani cha Ujerumani, kilichoanzishwa 1980 na leo kina wenyeviti wawili. Sawa. Lakini hao waliwahi hata kubadilisha wabunge wao katikati ya muhula, ikawashinda, wakaacha. Wenyeviti wawili wamebaki kwa sababu katiba yao inasema hivyo na wanapigiwa kura.

Mkiniuliza, wekeni mmoja. Miaka miwili, kisha apumzike. Asishike pesa, asishike muhuri, na asiwanie kiti akiwa bado kinara. Mweka hazina awe mwingine, na akina mama wawe kwenye kamati kwa hesabu wala si kwa kupika chai. Mtu asilipiwe kadi ya chama na mwenzake. Mikutano ianze saa nne, si saa nne ya Khayega.

Jumamosi ijayo nitakuja na daftari, nimekwisha kulichorea mistari. Yule kijana wa pembeni aje na taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, tuanze na hiyo kabla ya chai.

Guga wenu, katibu mstaafu.